Milimita ya Nani?

Ndugu msomaji, kuna swali moja ambalo limekuwa likinisumbua kichwa tangu nianze kushinda kijiweni kwa mafundi pikipiki hapa Handeni, nalo ni hili: fundi anadaiwa kazi nzuri na nani? Anadaiwa na yule anayemlipa, au na yule atakayeumia kazi ikiwa mbaya? Haraka haraka utajibu kwamba hao wawili ni mtu mmoja. Mteja ndiye anayelipa, mteja ndiye anayeumia, habari imekwisha. Lakini ngoja kwanza. Hebu tuingie ndani ya kitu kinachoenea kwenye kiganja cha mkono, tuone kama habari imekwisha kweli.

Kitu chenyewe ni kabureta.

Kwanza nijieleze, maana msomaji ana haki ya kujua anayesema naye ni nani. Mimi si fundi. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani, na sasa usiku naandika riwaya ambayo bado haijapata jina, mchana nashinda kijiweni Chanika, chini ya mwarobaini, pale pikipiki zinapofunguliwa. Napapenda pale kwa sababu watu wa pale hawasemi kama vitabu. Tena kaka yangu ni dereva wa bodaboda, kwa hiyo ugali wa nyumbani kwetu unategemea kwa kiasi fulani koleo na bisibisi za kijiwe kile. Haya nitakayoyasema nimeyaona kwa macho na kuyauliza kwa mdomo.

Kazi ya kabureta ni kuchanganya petroli na hewa kabla havijaingia kwenye injini. Injini inavuta hewa kupitia koo jembamba. Hewa ikifika penye wembamba inakwenda mbio, msukumo wake unapungua, na petroli iliyotulia kwenye bakuli la chini inapanda kupitia tundu dogo liitwalo jeti na kurushwa kama marashi. Ni hivyo tu. Lakini angalia hapo niliposema "iliyotulia". Petroli ikikaa juu mno ndani ya bakuli, inapanda kirahisi na kupita kwa wingi. Ikikaa chini mno, inapanda kwa taabu na kupita kidogo. Kwa hiyo lazima awepo mlinzi wa kusema "basi" petroli inapofika kimo chake. Mlinzi huyo ni boya, ambalo mafundi wengine wanaliita floti. Petroli inapoingia, boya linaelea na kupanda, kiulimi chake kinasukuma sindano, sindano inaziba mlango. Petroli ikitumika, boya linashuka, mlango unafunguka tena. Kama kwenu kuna tangi la maji linalojifunga lenyewe likijaa, basi jambo hili unalijua tayari.

Akili hii ni ya zamani sana. Ndugu watatu wa Baghdad waliojulikana kama wana wa Musa walieleza vyombo vya maji vinavyojifunga kwa boya katika karne ya 9. Kwenye injini za petroli, mwaka 1893, Wilhelm Maybach kule Ujerumani, na Donát Bánki na János Csonka kule Hungaria, kila upande kwa njia yake, walikuja na kabureta ya kurusha petroli kwa tundu. Zaidi ya miaka 130 imepita, na mzao wa kifaa kile bado ananing'inia chini ya pikipiki nyingi zinazotubeba. Siku hizi ziko pikipiki zisizo na kabureta, na ziko hata za umeme. Lakini pale kijiweni kwetu kabureta ndiyo inayofunguliwa kutwa.

Sasa kimo cha boya kinapimwaje? Unafungua bakuli na kuondoa gasketi. Unailaza kabureta kiubavu mpaka kiulimi kiguse tu kile kichuma kidogo cha sindano bila kukibonyeza, maana nyuma yake mna springi. Ukiigeuza kichwa chini kabisa, uzito wa boya unaibonyeza springi, na kipimo kinakudanganya. Halafu unapima kwa rula au venia, kutoka uso wa kabureta pale gasketi ilipokaa, hadi ukingo wa boya ulio mbali. Kila pikipiki ina namba yake kwenye kitabu chake. Kwa pikipiki ndogo nyingi namba hiyo iko kati ya milimita 10 na 25. Kama hukuipata namba ya kitabu, unapinda kiulimi kidogo, unapima tena. Kidogo kweli kweli, kwa sababu kiulimi kiko karibu na pini na boya liko mbali nayo: ukipinda unywele mmoja hapa, kule mwisho boya limesogea mara kadhaa. Na kuna mtego mwingine. Namba ikiwa kubwa, petroli inakaa chini. Namba ikiwa ndogo, petroli inakaa juu. Mambo yamepinduka, na asiyejua anaweza kurekebisha kwa nia njema kabisa akaharibu mara mbili.

Nimeeleza kwa kirefu, na wala si kwa kuwa nataka kila msomaji awe fundi. Nimetaka uone sifa mbili za kazi hii. Ya kwanza, imejificha. Bakuli likishafungwa hakuna jicho la mteja linaloweza kuona kiulimi kilipindwa kiasi gani. Ya pili, kosa lake halizimi pikipiki. Ukikosea kufunga gurudumu, mtu atajua kabla hajafika kona ya kwanza. Ukikosea milimita tatu za boya, pikipiki itawaka, italia, itaondoka, na mwenyewe atakulipa na kukuambia "asante, fundi".

Hapo ndipo swali letu linapozaliwa. Bodaboda nyingi haziendeshwi na wenye mali. Kuna bosi mwenye pikipiki, kuna dereva anayemletea hesabu kila jioni, na kuna abiria. Mikataba inatofautiana, lakini kwa desturi ya kijiwe chetu matengenezo ya injini ni ya bosi, petroli ni ya dereva. Hebu igawanye kabureta kwa mgao huo. Anayemlipa fundi ni bosi. Anayelipa milimita ni dereva, tone kwa tone. Na abiria hakuitwa kabisa kwenye hesabu, ingawa roho yake imo.

Chukua boya lililokaa juu mno. Plagi inaloa na kuwa nyeusi, moshi unanuka petroli, na petroli nyingine inadondoka kwenye mpira wa kumwagia, jirani na injini ya moto. Bosi anaona nini? Haoni kitu. Hesabu yake ni ile ile. Tuseme pikipiki inapoteza nusu lita tu kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni lita 13. Kwa mwaka ni lita 156, zote zimetoka mfukoni mwa kijana ambaye hakumwita fundi, hakupatana naye bei na hakuulizwa. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hawakusema kibaba ni cha nani.

Nchi yetu inaujua vizuri wizi wa kipimo. Mkulima wa mahindi akilazimishwa kufunga gunia la lumbesa, tunasema ameonewa, na sheria inakataza. Ukienda kituo cha mafuta, pampu inakaguliwa na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, na kuwekewa lakiri ili lita iwe lita. Ni jambo jema. Lakini lita ile ile ikishaingia kwenye tangi la pikipiki, inakutana na kipimo cha pili, kile cha bakuli, ambacho hakina lakiri wala mkaguzi. Pale mkaguzi ni dhamiri ya fundi peke yake.

Na boya likikaa chini mno je? Hapo petroli haitoshi. Pikipiki inakwenda vizuri mjini kwa mwendo wa pole, lakini ukiifungua mafuta yote inakohoa na kupoteza nguvu, na injini inachemka kuliko kawaida. Kutoka Korogwe kuja Handeni ni kilometa kama 65, na Handeni iko juu kuliko Korogwe, kwa hiyo kuja kwetu ni kupandisha. Na ukishuka ukaelekea Segera unakutana na barabara kuu ya Moshi na Arusha, mabasi na malori. Pikipiki inayokohoa wakati dereva anajaribu kulipita lori, nyuma kabeba mama na mtoto, si suala la ulaji wa mafuta tena.

Nitatoa mfano wa nyumbani. Pikipiki anayoendesha kaka yangu ilianza kudondosha petroli akiwa safarini Korogwe. Fundi wa huko, ambaye simtaji na wala simfahamu, aliifungua, akapinda kiulimi kwa koleo, akaifunga. Ilikuwa kazi ya dakika chache na bei nafuu, na kudondosha kukaisha. Bosi alifurahi kwenye simu. Lakini njiani kurudi pikipiki ikawa inakata pumzi kila mlima. Kesho yake ikafunguliwa Chanika kwa mzee mmoja ambaye vijana wote tunamwamkia kabla ya kumweleza shida.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Haya, inasemaje?"

Mzee aliipima. Kipimo kilikuwa kimezidi cha kitabu kwa milimita nne. Akaitazama sindano kwenye mwanga, ncha yake ilikuwa imelika na kufanya mfereji. Maana yake ugonjwa ulikuwa kwenye sindano, na aliyetibiwa alikuwa boya. Kushusha kimo kulizuia petroli isifike pa kumwagikia, basi. Bosi akapigiwa simu, na mimi nilimsikia kwa masikio yangu maana simu ilikuwa imewekwa sauti ya nje.

"Si inawaka?"

"Inawaka, bosi," kaka akajibu.

"Si haimwagi tena?"

"Haimwagi, ila milimani..."

"Basi achana nayo. Hela nimeshatoa jana."

Tukawa kimya. Na hapa, msomaji, naomba usimharakie yule bosi kwa hukumu. Kwa upande wake alisema kweli tupu: alilipa, pikipiki inawaka, haimwagi. Kila alichoweza kukiona kilikuwa sawa. Asichokiona hakikuwa chake.

Mzee hakubishana. Alirudisha kiulimi kwenye kipimo, akachukua kipande cha boksi, akaandika kwa kalamu ya risasi namba ya kitabu, namba aliyoikuta na namba aliyoiacha, na chini yake: sindano imelika, itamwaga. Akampa kaka. "Hiki ni cha kwako," akasema, "maana wewe ndiye unayeipanda." Kaka alinunua sindano na kiti chake kwa hela ya siku ile, hesabu ya bosi ikapungua, na maneno yalifuata. Sitaki kudanganya kwamba haki ilitendeka mpaka mwisho. Ukweli ulimgharimu yule aliyekuwa na kidogo kuliko wote. Ila tofauti ya jana na leo ilikuwa hii: jana aliumia gizani, leo alijua anaumia na nini, na alikuwa na boksi mkononi la kubishania. Wiki iliyofuata alilitumia lile boksi kwenye mazungumzo na bosi wake, wakakubaliana nusu kwa nusu.

Nadhani mzee yule alijibu swali langu kabla sijaliuliza. Fundi analipwa na mmoja, lakini kazi anadaiwa na yule atakayeibeba. Na kama hana uwezo wa kumtengenezea, basi deni la kwanza, ambalo halihitaji hela ya mtu, ni kumwambia kipimo.

Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1785, alitoa mfano wa muuza duka ambaye hawapunji wanunuzi wasiojua bei. Akauliza: je, huyu ni mwaminifu, au anaogopa tu kupoteza wateja? Kwa macho huwezi kujua, maana vitendo vinafanana. Ni mfano mzuri, lakini nadhani kabureta inatupeleka mbele kidogo. Yule muuza duka ana mteja mmoja mbele yake, na mteja akigundua atakwenda duka la pili. Dereva wa hesabu hawezi kwenda popote, kwa sababu si yeye anayechagua fundi. Woga wa kupoteza wateja haumlindi hata kidogo, tena mara nyingine unamwumiza, maana anayeogopwa ni bosi, na bosi anataka bei nafuu. Ndiyo maana nasema kwenye bakuli la kabureta biashara peke yake haitoshi kumfanya mtu awe mwema. Panahitajika kitu kingine, na sisi tuna neno lake: utu.

Najua kuna wa kunipinga, tena wana hoja. Wa kwanza atasema: "Wewe unakaa kwenye kivuli unaandika, fundi analipwa kwa kazi, halipwi kwa saa. Akipima kila boya kwa rula watoto watakula nini?" Hoja hii ni nzito, na siipuuzi. Lakini nimehesabu. Kabureta ikiwa imeshafunguliwa, kupima kunachukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai. Kinachokula muda ni kuifungua na kuirudisha, na hiyo imeshalipiwa. Asiyepima, mara nyingi, hakukosa muda, alikosa sababu. Hakuna aliyemwuliza.

Wa pili atasema fundi mzoefu anapima kwa jicho. Kweli, nimewaona wanaoweza. Lakini nilipomwuliza mzee, alisema jicho lake lilisomeshwa na rula miaka mingi, na mpaka leo analisahihisha kwa rula, kwa sababu jicho la saa mbili asubuhi si jicho la saa kumi jioni. Tena ipo njia ya kumwonyesha hata asiye fundi. Unachomeka mpira mwembamba unaoona ndani, kama ule wa dripu, kwenye tundu la kumwagia chini ya bakuli, unausimamisha ubavuni mwa kabureta, unalegeza skrubu. Petroli inapanda kwenye mpira na kusimama pale pale ilipo ndani. Dereva anaona kwa macho yake. Anayeukataa mpira ule asiseme tu kwamba anajiamini. Atwambie anamficha nani.

Wa tatu ni mjanja zaidi. Atasema kabureta nyingi za siku hizi zina boya la plastiki lenye kiulimi cha plastiki, halipindiki. Ni kweli. Kwa hizo hakuna cha kuseti. Kipimo kikikosea, kinachobadilishwa ni boya au sindano. Lakini hapo maadili ndipo yanapokuwa magumu zaidi, kwa sababu fundi anaweza kufungua, kukaa nayo nusu saa, kufunga, na kutoza hela ya "kuseti floti" kwa kitu kisichosetiwa. Kumbe basi kusema "hapa hakuna kazi ya kufanya" nayo ni kazi, na pengine ni ngumu kuliko zote, maana hailipi.

Sasa, kwa kuwa gazeti hili linasomwa na sisi tunaojifunza kuandika, niulize: na sisi je? Anayetulipa, siku tukibahatika kulipwa, ni mchapishaji. Anayetubeba ni msomaji, kijana wa Manundu au wa Kariakoo aliyekopa nauli akanunua kitabu. Mchapishaji anaweza kuridhika kwamba hadithi inawaka na haimwagi: ina mapenzi, ina kifo, ina kurasa za kutosha. Ni sisi peke yetu tunaojua kwamba ile sura ya nne tuliiandika bila kwenda kuona, kwamba yule mkulima wa mkonge tuliyemweka pale hatujawahi kumwuliza mkonge unakatwaje, wala mikono inauma wapi jioni. Msomaji hatafungua bakuli. Atahisi tu kwamba kitabu kinakata pumzi mlimani, na huenda akadhani kasoro ni yake yeye, kwamba hajasoma vya kutosha.

Sisemi kila mtu awe malaika. Riziki ni ngumu, na fundi anayepinda kwa koleo Korogwe pengine naye ana bosi wake, mwenye banda na vifaa. Ninachosema ni kidogo kama milimita yenyewe: tuache kuuliza "nani kanilipa?" kana kwamba hilo ndilo swali la mwisho. Tuulize pia nani ataipanda.

Na wewe dereva unayesoma hapa, siku pikipiki yako ikifunguliwa kabureta, usikae mbali ukichezea simu. Sogea, mwamkie fundi vizuri, kisha mwulize kwa adabu namba aliyoikuta ni ngapi na anayoiacha ni ngapi. Ukijibiwa, iandike, hata kwenye boksi. Usipojibiwa, umeshajua jambo moja juu ya kijiwe hicho.